Kengele ya Mdahalo



Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu tuliopitia shule za sekondari tunalikumbuka vizuri, ingawa ni nadra kulitilia maanani. Halikuwa somo, maana halikuwa na mtihani wala alama. Halikuwa kazi ya mikono, maana jembe na fagio vilikuwa na saa yake. Lilikuwa ni mdahalo wa jioni, ule uliotukusanya katika bwalo la chakula baada ya meza kufutwa na viti kupangwa upande huu na upande ule.

Waliosoma bweni wananielewa. Mbele ameketi mwenyekiti, kijana wa miaka kumi na saba aliyevaa uso wa mzee. Kulia kwake yuko katibu na daftari lake. Kushoto yuko mtunza saa na kengele. Upande mmoja wamekaa wanaounga mkono hoja, upande wa pili wanaoipinga. Na hoja zenyewe mnazijua: kalamu ina nguvu kuliko upanga, maisha ya kijijini ni bora kuliko ya mjini, mkulima ni muhimu kuliko daktari. Kila msemaji akisimama ataanza na "Mheshimiwa Mwenyekiti", na kengele ikilia hana budi kukaa, hata kama neno lake tamu kuliko yote bado liko mdomoni.

Tulidhani tunacheza. Lakini ukiifuatilia historia ya nchi zetu hizi za Afrika Mashariki, utakuta kwamba vyama hivi vya wanafunzi, vya midahalo, vya skauti, vya maigizo na vinginevyo, vimeacha alama kubwa kuliko masomo mengi yaliyokuwa na mtihani. Hilo ndilo ninalotaka tulitazame leo, tuone pia mahali tulipoteleza.

Ndugu wasikilizaji, tuanze na asili yake. Kujibizana kwa hoja si jambo lililoletwa na meli. Watu wa pwani walikuwa na baraza zao, na washairi wao walikuwa wakitupiana mafumbo na kujibizana kwa beti kabla ya shule ya kwanza ya serikali kufunguliwa. Bara nako wazee waliketi chini ya mti wakashauriana. Kilicholetwa na shule za kikoloni ni utaratibu wa namna yake: pande mbili zilizopangwa, muda uliopimwa, kura mwishoni, na mshindi mmoja.

Utaratibu huo ulitoka katika shule za bweni za Uingereza, zile zilizokuwa zikilea watoto wa wakubwa ili nao wawe wakubwa. Waingereza walipotaka kulea tabaka la Waafrika wa kuwasaidia kutawala, walileta mfano uleule. Huko Uganda ilifunguliwa King's College Budo mwaka 1906. Tanganyika ikapata shule ya serikali ya Tabora katika miaka ya 1920, ambayo kwanza ilikusudiwa hasa kwa watoto wa watemi na machifu. Kenya ikapata Alliance High School, pale Kikuyu, mwaka 1926. Shule hizi zilikuwa na viranja, mabweni yaliyoshindana, michezo, skauti, na vyama vya midahalo. Kusudi lilikuwa kupata karani mwaminifu, mwalimu mtiifu na chifu anayejua kusoma barua ya Bwana Shauri.

Lakini mpiga ngoma hachagui wachezaji. Ukishamfundisha kijana kusimama mbele ya watu na kutetea hoja, huwezi tena kumchagulia hoja ya kutetea maisha yake yote.

Mwaka 1937 aliingia Tabora kijana mmoja kutoka Butiama, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Huyo ndiye Julius Kambarage Nyerere. Wanaosimulia maisha yake wanasema kwamba alishiriki sana katika chama cha midahalo cha shule, na kwamba baada ya kusoma kitabu cha Baden-Powell juu ya skauti alianzisha kundi la skauti pale shuleni. Walimu walipendekeza awe kiranja mkuu. Mkuu wa shule akakataa, kwa sababu alimwona kijana huyu kuwa ni mpole mno kwa wenzake. Nadhani msikilizaji unatabasamu, kwa kuwa unajua kazi aliyokuja kukabidhiwa baadaye.

Kutoka Tabora alikwenda Makerere mwaka 1943, na huko pia hakukaa darasani tu. Yeye na Watanganyika wenzake waliunda chama chao cha ustawi. Kisha alirudi Tabora kufundisha katika shule ya St Mary's, akaenda Edinburgh mwaka 1949, na aliporejea alikuta chama cha TAA kikiwa na matawi yaliyojaa makarani na walimu. Tarehe 7 Julai, 1954, TAA ikageuzwa kuwa TANU.

Sasa tujiulize, chama cha siasa huendeshwa na nini? Huendeshwa na katiba, ajenda, muhtasari wa kikao, mweka hazina anayetoa hesabu, mwenyekiti anayejua nani aseme na nani angoje. Mambo haya hayakuwamo katika kitabu cha hesabu wala cha jiografia. Mengi yalijifunzwa jioni, katika vyama vya wanafunzi, na watu waliodhani wanapitisha muda. Mwezi Machi mwaka 1955 Mwalimu aliposimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa huko New York, akaeleza kwa upole na kwa mpangilio kwa nini Tanganyika inastahili kujitawala, mtu yeyote aliyesoma Tabora angeitambua ile sauti. Ilikuwa ni sauti ya mtoa hoja aliyejua kwamba kengele italia.

Hata hivyo, ndugu wasikilizaji, nisije nikawapotosha. Vijana wa midahalo peke yao wasingeifikisha TANU popote. Kwanza walikuwa wachache mno. Pili, midahalo yao ilikuwa kwa Kiingereza. Tatu, karibu wote walikuwa wanaume.

Watu walitoka kwingine. Dar es Salaam ya miaka ya 1950 ilikuwa na vyama vya namna nyingine kabisa, vyama vya ngoma vya akina mama. Navyo vilikuwa na viongozi wao, michango yao, sare zao, na utaratibu wao wa kuzikana na kusaidiana. Bibi Titi Mohamed, ambaye elimu yake ilikuwa ya shule ya msingi tu, alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi kilichoitwa Bomba. Mwaka 1955 alipokabidhiwa kuwahamasisha wanawake wajiunge na TANU, hakuanza na barua ya Kiingereza. Alipita katika vikundi vya ngoma, akazungumza na viongozi wake kwa Kiswahili, na kina mama wakajiandikisha kwa maelfu. Inasemekana kwamba muda si mrefu wanawake wenye kadi walikuwa wengi mno kiasi cha kuwashangaza wanaume waliokuwa wakiogopa kupoteza kazi zao serikalini.

Kwa hiyo uhuru wa Tanganyika ulizaliwa na vyama vya aina mbili. Bwalo la Tabora lilitoa utaratibu, na uwanja wa ngoma wa Dar es Salaam ulitoa watu na lugha. Naomba tuliweke akilini jambo hilo, kwa sababu nitalirudia.

Tuvuke mpaka twende Kenya. Mwezi Januari mwaka 1955, wakati Hali ya Hatari imepamba moto, kijana mmoja wa Limuru aliingia Alliance. Huyo ni Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwezi Mei mwaka 2025. Alliance wakati huo ilikuwa chini ya Carey Francis, mwalimu wa hesabu aliyeongoza shule hiyo kuanzia 1940 hadi 1962, mtu mkali na mwenye kupenda utaratibu. Ndani ya uzio kulikuwa na amani, vitabu, na maigizo ya Shakespeare kila mwaka. Nje ya uzio kulikuwa na risasi. Ngũgĩ aliporudi nyumbani mwisho wa muhula wa kwanza alikuta kijiji chake kimebomolewa na watu wake wamehamishiwa katika kijiji cha kulindwa na askari.

Katika kumbukumbu zake Ngũgĩ anasimulia mdahalo mmoja juu ya elimu ya Kizungu, kama imeleta heri au shari katika Afrika. Wengi walisema ni heri, na wangeachaje kusema hivyo, nao wamekaa palepale wakiila. Yeye akasimama ameshika penseli. Akawauliza wenzake: mtu akija nyumbani kwako akachukua shamba lako, kisha akakupa penseli, je, hiyo ni biashara ya haki? Afadhali yeye abaki na penseli yake na mimi nibaki na shamba langu.

Fikirini, ndugu zangu. Nchi ina amri ya kutotoka nje usiku, watu wamo kizuizini, na mtoto wa shule anasema neno kama hilo mbele ya walimu wake. Angelisema barabarani, nani ajuaye yangemfika yapi. Lakini bwaloni palikuwa na kanuni: msemaji anasikilizwa mpaka kengele ilie. Hiyo ndiyo thamani ya chama cha mdahalo. Ni mahali ambapo neno zito linaweza kusemwa kwanza, likapimwa, kabla halijatoka nje kukutana na virungu.

Sasa tuje baada ya uhuru. Hapa historia inakuwa na kona, nami sitaki kuzikwepa.

Mwalimu Nyerere, yule mtoto wa chama cha midahalo, aliona kwamba mdahalo wa pande mbili hautufai katika siasa. Alisema Waafrika kwa desturi yao waliketi wakazungumza mpaka wakakubaliana. Mwaka 1965 Tanganyika na Zanzibar zikiwa tayari Tanzania, nchi ikaingia rasmi katika mfumo wa chama kimoja. Lakini angalieni: uchaguzi wa mwaka huo uliwasimamisha wagombea wawili wa TANU katika majimbo mengi, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba, wakazunguka pamoja na kuhutubia mkutano mmoja, kila mtu kwa zamu yake. Hata Waziri wa Fedha, Paul Bomani, aliangushwa. Yaani mdahalo ulitolewa mlangoni, ukarudi kupitia dirishani.

Mwaka uliofuata, tarehe 22 Oktoba, 1966, ukaja mtihani mwingine. Wanafunzi wa Chuo Kikuu na wenzao waliandamana hadi Ikulu wakipinga kulazimishwa kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Walibeba mabango makali, mengine yakisema afadhali enzi za mkoloni. Mwalimu aliwapokea, akawaacha wasome risala yao hadi mwisho. Kisha akajibu kwa hasira, akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na akawafukuza wanafunzi karibu 400 warudi makwao. Wengi wao walirudishwa baadaye.

Watu wamebishana miaka mingi ni nani aliyekuwa na haki siku ile. Mimi nasema pande zote mbili zilikuwa na la kujibu. Vijana waliosomeshwa kwa jasho la wakulima hawakupaswa kuona taabu kulitumikia taifa kwa muda. Lakini pia kanuni ya mdahalo ni kwamba mwenyekiti hamfukuzi msemaji kwa sababu hoja yake imemchoma.

Miezi mitano baadaye, Machi 1967, ikatoka Elimu ya Kujitegemea. Wengi tunaikumbuka kwa mashamba na mabanda ya kuku tu. Lakini waraka ule ulisema pia kwamba shule iwe jumuiya, na kwamba wanafunzi washiriki katika kuamua mambo yanayowahusu. Jembe tulilichukua, ile sehemu ya kuamua, katika shule nyingi, tuliiacha palepale ilipoandikwa.

Na ilipofika mwaka 1991, Tume ya Jaji Nyalali ikazunguka nchi nzima kuuliza wananchi kama wanataka chama kimoja au vyama vingi. Karibu asilimia 80 walisema kimoja. Hata hivyo, Tume ilipendekeza vyama vingi, na Mwalimu mwenyewe aliunga mkono mabadiliko, kwa hoja kwamba wale wachache nao ni watu na hoja zao zina uzito. Mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Aliyewahi kukaa katika mdahalo anaelewa jambo hili: kura huonyesha nani wengi, haionyeshi daima nani mwenye hoja.

Ndugu wasikilizaji, niwaeleze na kisa changu kidogo. Katika shule niliyosoma mimi, ambayo sitaitaja, mdahalo ulikuwa kwa Kiingereza tu, na aliyeteleza akasema Kiswahili alivikwa kibao cha mbao shingoni. Tulikuwa na mwenzetu mmoja, mtoto wa mvuvi, ambaye usiku bwenini alikuwa akitueleza mambo ya bahari, bei ya samaki na ujanja wa wachuuzi mpaka tunasahau kulala. Siku moja hoja ilikuwa juu ya biashara na umaskini. Tukamsukuma asimame. Alisimama, akasema "Mheshimiwa Mwenyekiti" kwa Kiingereza, kisha akanyamaza. Akajaribu tena, neno la Kiswahili likamponyoka. Bwalo zima tukacheka. Aliketi kabla kengele haijalia, na kwa miaka yote iliyobaki sikumwona akisimama tena.

Mimi nilikuwa upande wa pili, nikashinda mdahalo ule kwa maneno niliyokariri kitabuni. Nilipigiwa makofi. Mpaka leo nikiikumbuka siku ile, sioni kama nilishinda kitu. Mtu pekee mle ndani aliyejua tulichokuwa tunakizungumzia ndiye tuliyemnyamazisha kwa kicheko.

Ndiyo maana nilisema nitarudi kwa Bibi Titi. Bwalo letu lilikuwa na utaratibu, lakini lilikuwa limemfungia nje mwenye lugha ya watu. Nasi tulikuwa tumesahau kwamba Mwalimu yuleyule wa Tabora alichukua tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar, akaitafsiri kwa Kiswahili, ikachapishwa mwaka 1963, kana kwamba anatuambia kuwa hakuna hoja iliyo kubwa mno kusemwa kwa lugha hii.

Sipingi kujifunza Kiingereza. Kijana ajifunze Kiingereza, Kifaransa, na Kichina akiweza. Ninachopinga ni kuligeuza bwalo la hoja kuwa mtihani wa matamshi.

Wapo watu wazima waliojua kusikiliza. Mwaka 1991, hapa Dar es Salaam, wanafunzi 12 wa sekondari walikwenda nyumbani kwa Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe wa Gombe, wakaketi barazani kwake wakamweleza yanayowasumbua: mazingira yanayoharibika, wanyama wanaoteswa, na watu wazima wasiojali. Mama yule hakuwaambia warudi wakasome. Aliwashauri waunde vikundi shuleni mwao na waamue wenyewe la kufanya. Hivyo ndivyo kilivyoanza chama cha Roots & Shoots, yaani mizizi na chipukizi, ambacho hadi Goodall alipofariki Oktoba 2025 kilikuwa kimeenea katika makumi ya nchi duniani. Kilianza na vijana 12 na baraza moja.

Wapo pia wasiojua kusikiliza. Kenya ina mashindano ya maigizo ya shule ambayo mwanzo wake ni mwaka 1959. Ni hazina kubwa, na waandishi na waigizaji wengi wa nchi ile wamepitia humo. Mwaka 2013 mchezo wa wasichana wa shule ya Butere ulizuiwa kuingia mashindano ya taifa kwa kuwa uligusa siasa za ukabila na mgawanyo wa mali, mpaka Mahakama Kuu ilipoamuru uruhusiwe. Mwaka 2025 shule ileile ikaja na mchezo mwingine, na kwa mara nyingine mahakama ikabidi iingilie kati. Mwezi Aprili, huko Nakuru, askari walirusha mabomu ya machozi, mwandishi wa mchezo alizuiwa kukutana na wanafunzi wake, na wasichana wale waliimba wimbo wa taifa, wakatoka bila kuigiza.

Ndugu wasikilizaji, sikuona mchezo ule, wala sina haja ya kuhukumu ulikuwa mzuri au mbaya. Ninauliza swali dogo tu. Ikiwa chini ya mkoloni na Hali ya Hatari mtoto aliweza kusimama Alliance akainua penseli yake na akasikilizwa mpaka mwisho, sisi tuliojitawala tunaogopa nini? Mtoto asiposemea jukwaani atasemea wapi? Atasemea mabweni, na tumeona mara ngapi mabweni yakiungua.

Namaliza kwa ushauri kwa wakuu wa shule na wazazi. Chama cha mdahalo hakihitaji mfadhili. Kinahitaji viti, daftari na kengele. Waacheni wanafunzi wachague hoja zao wenyewe, hata ile ya chakula cha shule. Mruhusuni mtoto aseme kwa Kiswahili siku moja na kwa Kiingereza siku nyingine. Wasichana wakalie kiti cha mwenyekiti, wasiishie kuandika muhtasari. Na aliyeshindwa kura apewe mkono, maana kesho huenda akaonekana ndiye aliyekuwa na haki.

Kwa wewe uliyecheka bwaloni miaka ile, kama mimi, deni letu ni moja: tukimwona leo mtu amesimama anatafuta neno, tumsubiri. Kengele bado haijalia.

Kwa leo tuishie hapo. Panapo majaliwa, tukutane tena wiki ijayo.